Nilivyolinganisha vifo vya saratani vya wanawake wa wilaya yetu na vya taifa zima

Swali nililoletewa na kina mama wa kikundi chetu lilikuwa fupi: je, sisi tunakufa kwa saratani zaidi ya wanawake wengine nchini? Walikuwa wamewazika wenzao kadhaa katika kipindi kifupi na hofu ilishaingia. Kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake: huyu maji, yule hewa, mwingine dawa za shambani. Mwenyekiti wao akaniambia, "Mwanangu, wewe umezoea namba. Tupe jibu tutakaloweza kulisimamia hata mbele ya daktari."

Nilikubali, kwa sababu jibu baya lingeumiza watu kwa namna yoyote ile. Ukiwaambia wanawake kwamba wako hatarini wakati hawako, wataishi na hofu ya bure. Ukiwaambia kila kitu ni shwari wakati si shwari, umewanyima haki ya kudai huduma.

Nilianza na orodha ya vifo. Kwa kazi hii unahitaji mambo matatu kwa kila kifo: umri wa marehemu, mahali alipokuwa akiishi, na sababu ya kifo. Umri kwa kawaida hausumbui sana. Mahali panasumbua, maana rejista nyingi huandika kifo kilipotokea. Mwanamke akiugua sana hupelekwa kwenye hospitali kubwa, au hurudi kwa wazazi wake auguzwe huko. Ukihesabu kwa mahali pa kifo, wilaya yenye hospitali ya rufaa itaonekana kama machinjio, na wilaya inayopeleka wagonjwa wake nje itaonekana salama kabisa. Niliwaomba maofisa wa takwimu wanitolee vifo kwa makazi ya kudumu. Vilikuwepo, ila lazima uombe hivyo waziwazi, vinginevyo utapewa jedwali la mahali pa kifo bila mtu kukuambia tofauti.

Sababu ya kifo ndiyo iliyonichukua muda mwingi. Cheti cha daktari kina sehemu ya kwanza yenye mistari: juu huandikwa kilichomuua mtu moja kwa moja, na chini yake mlolongo uliokileta, hadi ufike kwenye ugonjwa ulioanzisha yote. Takwimu za vifo huhesabu ule ugonjwa wa mwanzo. Nilikutana na mstari wa mwanamke wa miaka 52 ulioandikwa "kushindwa kupumua", na chini yake hapakuwa na kitu. Mama mmoja wa kikundi alimfahamu kwa umri, kijiji na wiki aliyofariki. Alikuwa amemuuguza mwenyewe. Ilikuwa saratani ya titi, iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mapafu.

Alitaka nimwongeze kwenye hesabu. Nilimwelewa kabisa, na bado nikamwambia, "Mama, hapana." Sababu yake ni hii: takwimu ya taifa imejengwa kwa vyeti kama vilivyoandikwa, pamoja na vile visivyo na maelezo. Hakuna mtu aliyepita kila kijiji nchini kuuliza nani alimuuguza nani. Nikiongeza vifo vya kwetu kwa ushuhuda wa majirani, nitakuwa nimekuza upande mmoja tu wa mizani, na tofauti nitakayoipata itakuwa imetengenezwa na bidii yangu. Kanuni ya kuhesabu lazima iwe moja pande zote mbili. Mwanamke yule tulimwandika pembeni, kwenye barua tofauti ya kuomba vyeti vijazwe vizuri zaidi, na humo alifanya kazi kubwa.

Kuna mtego mwingine kwenye saratani za wanawake hasa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, inatenga saratani ya mlango wa kizazi kwa alama C53, ya mwili wa mji wa mimba C54, na kuna C55 ambayo ni saratani ya mji wa mimba isiyotajwa sehemu. Anayejaza cheti akiandika tu "saratani ya kizazi", kifo kinaangukia C55. Kwa hiyo wilaya yenye madaktari makini itaonyesha vifo vingi vya mlango wa kizazi kuliko jirani yake, kwa sababu ya kalamu tu. Nilichofanya ni kulinganisha kwanza C53, C54 na C55 zikiwa pamoja, halafu C53 peke yake, nione kama picha inabadilika.

Baada ya hapo ndipo nikafika kwenye umri, na hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibikia. Kiwango ghafi cha vifo ni rahisi: gawa vifo kwa idadi ya wanawake, zidisha kwa 100,000. Lakini saratani nyingi huua zaidi kadiri umri unavyosonga. Wilaya ambayo vijana wameihama kwenda kutafuta kazi, wakabaki mama zao, itakuwa na kiwango kikubwa hata kama hakuna lolote la ajabu linalotokea.

Nitaonyesha kwa namba za mfano, nilizozitunga ili hesabu ionekane. Tuseme kitaifa, saratani ya titi inaua kwa mwaka wanawake 2 kati ya kila 100,000 walio chini ya miaka 40, wanawake 30 kwa wenye miaka 40 hadi 59, na 90 kwa wenye miaka 60 na kuendelea. Nchi ni changa: asilimia 70 ya wanawake wako chini ya 40, asilimia 20 wako katikati, asilimia 10 ni wazee. Kiwango ghafi cha taifa kinakuwa 16.4. Sasa chukua wilaya yenye wanawake 50,000, ambapo 30,000 wako chini ya 40, 12,000 wako katikati na 8,000 ni wazee. Kwa miaka 5 wamekufa 60. Kiwango ghafi chake ni 24 kwa 100,000 kwa mwaka, karibu mara moja na nusu ya kile cha taifa. Ukisimama hapo, kesho yake habari imeenea.

Usisimame hapo. Uliza: kama wanawake wa wilaya hii wangekufa kwa kasi ileile ya taifa, kila rika kwa kasi yake, wangekufa wangapi? Kwa miaka 5, rika la chini linatoa vifo 3, la kati 18, la wazee 36. Jumla 57. Waliokufa kweli ni 60. Gawa 60 kwa 57, unapata uwiano wa 1.05; ungekuwa 1 kamili, wilaya ingekuwa sawa na taifa. Ile tofauti kubwa iliyotisha karibu yote ilikuwa ni umri. Njia hii ya kulinganisha vifo vilivyotokea na vilivyotarajiwa ndiyo inayofaa eneo dogo, kwa sababu haihitaji kiwango cha kila rika cha wilaya, ambacho kingeyumba sana kwa vifo vichache. Inahitaji idadi ya wanawake wa wilaya kwa umri, viwango vya taifa kwa umri, na jumla ya vifo. Excel inatosha. Angalizo moja tu: uwiano wa wilaya mbili usiulinganishe wenyewe kwa wenyewe, maana kila mmoja umebeba mchanganyiko wa umri wa wilaya yake. Kila wilaya inalinganishwa na taifa, basi.

Ukikuta kwenye ripoti kiwango kilichokwisha kusawazishwa kwa umri, yaani kilichohesabiwa kana kwamba kila eneo lina mchanganyiko mmoja wa umri, angalia kimesawazishwa kwa watu gani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, hutumia idadi ya mfano ya watu wa dunia iliyopendekezwa na mtafiti Segi mwaka 1960 na kurekebishwa na mtafiti Doll na wenzake mwaka 1966. Shirika la Afya Duniani lina yake mpya zaidi, na nchi kadhaa zina za kwao. Namba mbili zilizotoka kwenye mifano tofauti hazilinganishiki hata kama zote zimeandikwa "kwa wanawake 100,000".

Kisha kuna bahati. Vifo 60 si namba iliyoandikwa juu ya jiwe. Mwaka ungegeuka kidogo vingekuwa 50 au 70 bila chochote kubadilika katika afya ya watu. Kwa vifo 60, mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo namba ya kweli inatarajiwa kuwa ukiondoa bahati, inaanzia karibu 46 na kuishia karibu 77. Ukigawa kwa 57, uwiano unaweza kuwa popote kati ya 0.80 na 1.35. Na ukiwa na vifo 6 tu, mipaka inatoka 2 hadi 13, yaani huwezi kusema lolote la maana. Ndiyo sababu nilikataa ombi la kutoa namba za mwaka mmoja mmoja, nikaunganisha miaka kadhaa. Marekani, CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, huficha kwenye majedwali ya maeneo idadi yoyote ya vifo iliyo chini ya 10, na viwango vinavyotokana na vifo chini ya 20 huwekwa alama kwamba havitegemeki. Kuficha kunalinda pia familia, kwani kwenye kata ndogo jedwali linaweza kumtaja mtu bila kuandika jina lake.

Nilikataa pia kuzijumlisha saratani zote na kutoa namba moja, ingawa ndiyo iliyosubiriwa. Saratani za wanawake hazitembei pamoja. Mwaka 1842 daktari wa Italia, Rigoni-Stern, alichapisha uchambuzi wa vifo vya mji wa Verona vya miaka 1760 hadi 1839. Aliona watawa wakifa zaidi kwa saratani ya matiti, huku saratani ya mji wa mimba ikiwaandama walioolewa na wajane. Leo tunajua kwamba saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba kuzaa na kunyonyesha hupunguza hatari ya ile ya titi. Angejumlisha, zingemezana na asingeona kitu. Ila ukizitenga, tahadhari nyingine inakuja: ukifanya ulinganisho 20, mmoja utaonekana wa kutisha kwa bahati tu. Kwa hiyo niliandika mapema ni saratani zipi nitaangalia, kabla sijaziona namba.

Matokeo yetu yalikuwa hivi. Saratani ya titi: hakuna tofauti na taifa ambayo namba zinaweza kuithibitisha. Ovari: vifo vichache mno, sikusema kitu. Mlango wa kizazi: juu ya taifa, na mpaka wa chini wa uhakika ulibaki juu ya 1 hata nilipoichanganya na C54 na C55. Hiyo haikuwa umri, na sikuweza kuipachika kwenye bahati.

Nilipowasomea kina mama, swali la kwanza lilikuwa, "Basi ni maji?" Hapana. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, kutoka maambukizi ya HPV hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara 6 zaidi wa kupata saratani hii kuliko asiye navyo. Na katika miaka hiyo yote kuna mabadiliko ya awali yanayoonekana kwenye uchunguzi na kutibika kabla hayajawa saratani. Vifo kuzidi kunaweza kumaanisha wanaougua ni wengi, au wanaougua ni walewale ila wanafika wamechelewa. Takwimu za vifo pekee haziwezi kutenganisha hayo mawili.

Kwa hiyo barua tuliyoipeleka kwa wakuu wa afya haikuomba uchunguzi wa maji. Iliuliza mambo matatu yanayofuata malengo ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020 kuyafikia ifikapo 2030: ni wasichana wangapi wa wilaya wamepata chanjo ya HPV kabla ya kufikisha miaka 15, lengo likiwa asilimia 90, ni wanawake wangapi wamepimwa kwa kipimo bora wakifika 35 na tena 45, lengo asilimia 70, na kati ya waliokutwa na tatizo, wangapi wametibiwa, lengo asilimia 90. Tukaongeza la nne, la hatua ya ugonjwa siku mgonjwa anapogunduliwa, kwa sababu ndilo litakalotuambia kama ni uchelewaji.

Majibu ya chanjo tumeshayapata. Ya waliotibiwa baada ya kupimwa hayajaja, na mwenyekiti ameniambia nisiache kuyafuatilia, kwa sababu anawafahamu wanawake waliopimwa, wakaambiwa warudi, na hawakuwa na nauli ya kurudi.