Nyuzi zote tano zimelia

Leo jioni kodi ya A kwenye gitaa, yaani nyuzi kadhaa zinazobonyezwa na kupigwa pamoja zitoe sauti moja, imetoka safi. Nimeipiga mara moja, nikatulia mpaka sauti ikaisha yenyewe, kisha nikagusa uzi mmoja mmoja kuanzia wa tano kushuka hadi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote; wa sita, ulio mnene, haupigwi kwenye A. Nyuzi zote tano zimelia. Nimerudia mara sita kuhakikisha sijabahatisha. Imenichukua miezi mitano kufika hapa, na nataka kuyaandika haya usiku huu huu, mkono ukiwa bado unakumbuka.

Mikono yangu ni mikubwa. Ncha ya kidole changu cha kati ina upana wa milimita 19, nimeipima kwa rula. Shingo ya gitaa langu, ambalo ni la nyuzi za chuma, ina upana wa milimita 43 pale juu kabisa karibu na kichwa. Ukitoa nafasi inayoachwa pembeni huku na huku, nyuzi sita zinabaki zimeachana kwa milimita 7 hivi. Kidole cha 19, nafasi ya 7. Kila nilipokwama niliirudia hesabu hiyo, na kila mara niliona imemaliza mjadala.

Mtu wa kwanza kunifundisha aliutazama mkono wangu, akaugeuza, akaniambia ningefaa zaidi kwenye besi, gitaa la nyuzi nene za sauti nzito. Hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo hadi leo. Lakini neno lile lilinikaa, na kila uzi ulipokufa chini ya kidole nililisikia tena.

Kodi ya A inataka vidole vitatu viingie kwa pamoja freti ya pili, yaani nafasi ya pili kati ya vile vyuma vinavyokatiza shingo, kimoja kwenye uzi wa nne, kimoja wa tatu, kimoja wa pili. Uzi wa kwanza unaachwa ulie wenyewe. Kwangu mimi kidole cha pete kilikuwa kinauegemea uzi wa kwanza na kuunyamazisha kabisa. Kidole cha shahada nacho, kwa kukosa pa kukaa, kilisukumwa nyuma mbali na chuma cha freti, na uzi wa nne ukawa unavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikawa nabonyeza kwa nguvu zaidi, nikidhani nguvu ndiyo inayopungua. Ukibonyeza kupita kiasi uzi unavutika na sauti inapanda kidogo, kwa hiyo hata zile nyuzi zilizokuwa zinalia vizuri zikaanza kutoka nje ya sauti. Mkono unauma, kodi chafu.

Kilichonifungua macho ni wino. Usiku mmoja nilijipaka wino wa kalamu kwenye ncha ya kidole cha kati, nikakigusisha kwenye karatasi jinsi ninavyokishika kwenye gitaa, kimelala. Doa likatoka na upana wa milimita 15. Nikapaka tena, safari hii nikakisimamisha wima na kugusa kwa ncha tu, pale chini ya ukucha. Milimita 8. Kidole ni kile kile! Nilikaa nikiyatazama yale madoa mawili kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepima upana wa kidole, wakati kinachokutana na uzi ni lile doa.

Kutoka hapo nikaanza kufuatilia nini kinakilaza kidole. Kwanza kucha: ukucha ukizidi kidogo tu, kidole hakiwezi kusimama. Sasa nazikata za mkono wa kushoto kila baada ya siku tatu. La pili, na ndilo lililobadilisha zaidi, ni gumba. Gumba langu ni refu, na bila kujua nilikuwa naliacha lipande juu ya shingo ya gitaa mpaka linachungulia upande wa pili. Likiwa huko, kiganja kinaganda kwenye mbao na vidole vinakosa nafasi ya kukunjika. Nililishusha nyuma ya shingo, katikati, nikasogeza kiwiko mbele kidogo, na viungo vya vidole vikainuka vyenyewe. Wiki ya kwanza nilijiona kama nimeshika gitaa la mtu mwingine.

Bado kulikuwa na msongamano. Freti ya pili kwenye gitaa langu ina urefu wa milimita 34 tu, na vidole vitatu kama vyangu havipangiki humo kwa mstari. Hapo nikabadilisha mpangilio: kidole cha kati kwenye uzi wa nne, cha shahada kwenye wa tatu, cha pete kwenye wa pili. Kidole cha shahada kinaingia katikati ya wenzake, nyuma kidogo, na wale wawili wanasogea mbele karibu na chuma. Faida nyingine niliigundua siku kadhaa baadaye. Nikitoka A kwenda kodi ya D, kidole cha shahada hakiondoki kwenye uzi wa tatu kabisa, na cha pete kinateleza tu freti moja mbele kwenye uzi ule ule wa pili. Mabadiliko yaliyokuwa yakinikatia wimbo sasa yanapita bila mimi kuyafikiria.

Zipo siku natumia kidole kimoja, nakilaza juu ya nyuzi zote tatu. Kwa kidole kinene ni rahisi sana, na wimbo ukiwa wa haraka sioni ubaya wowote, ingawa uzi wa kwanza mara nyingi unakufa.

Nimejaribu pia gitaa la klasiki, la nyuzi za nailoni, ambalo shingo yake huwa na upana wa milimita 52 hivi. A ilitoka siku ile ile. Mwenye mikono kama yangu anayetafuta gitaa la kwanza, ningemshauri alishike hilo kabla ya kuamua. Mimi napenda mlio wa chuma, nikarudi kwangu.

Siku hizi namfikiria sana Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani aliyekuwa na mikono mikubwa, na lile gumba lake lililozunguka juu ya shingo kushika uzi mnene. Nimelijaribu hilo kwenye kodi ya F: gumba linashika uzi wa sita freti ya kwanza, na silazimiki kuzibana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada. Gumba langu linafika bila taabu. Kwa hiyo gumba ninalolishusha kwa ajili ya A nalipandisha kwa ajili ya F, na kulihamisha huko na huko ndilo zoezi langu la sasa.

Kodi ya C bado. Vidole vimesimama, gumba liko chini, lakini ubavu wa kidole cha kati unagusa uzi wa tatu, kidogo tu, kiasi cha kuufanya utoe mlio wa mbao. Nakigeuza kifundo cha mkono nusu ya nusu, napiga, nasikiliza uzi wa tatu. Jana ulilia mara mbili kati ya kumi. Leo mara nne.