Na Samadi Anazoa Nani?

Nilipomtumia mama picha za askari wapanda farasi wa Mfalme wa Uingereza, wakiwa na dirii zinazong'aa vifuani, kofia zenye mashungi marefu na farasi weusi waliopangwa wawili wawili, hakusifia lolote. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kwenye simu: "Mwanangu, na samadi ya hao wote anazoa nani?" Mama ni mfugaji wa Kondoa, Tanzania, na swali lile lilikuwa la mfugaji. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku London na nilikuwa nimekwisha kupita bustani ya Hyde Park alfajiri nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini sikuwa na jibu. Mwaka 2024, tangu Januari hadi Desemba, nikawa nawatazama askari wale kwa jicho la mama.

Jibu fupi ni kwamba anazoa askari mwenyewe. Kikosi kinaitwa Household Cavalry Mounted Regiment, na kimeundwa na askari wa rejimenti mbili: Life Guards, waliovaa koti jekundu na shungi jeupe, na Blues and Royals, wenye koti la buluu na shungi jekundu. Kambi yao iko ukingoni mwa Hyde Park, jengo refu la zege lililokamilika mwaka 1970, na ndani yake farasi wamewekwa katika ghorofa mbili, wakipanda na kushuka kwa njia ya mteremko. Wengi wa farasi hao hununuliwa Ireland wakiwa bado wadogo, na kila mmoja hupewa jina linaloanza na herufi ya mwaka alioingia kikosini. Askari nao hawazaliwi juu ya tandiko. Wengi hawajawahi kugusa farasi kabla ya kujiunga, na baada ya muda huhamishiwa upande wa pili wa rejimenti zao, huko Bulford, ambako hakuna farasi bali magari ya deraya.

Siku yao huanza mapema kwa koleo na toroli. Mabanda husafishwa, farasi hulishwa na kupigwa brashi, kisha hutolewa kunyooshwa miguu barabarani, askari mmoja akipanda farasi mmoja na kumwongoza wa pili kwa hatamu. Hawa ndio niliokuwa nikikutana nao nikitoka kazini, wakiwa wamevaa nguo za kawaida za kijeshi, bila dirii wala shungi, na nusu yao wakipiga miayo. Saa nne na dakika ishirini na nane asubuhi wanaokwenda lindo hutoka kambini kuelekea Horse Guards, jengo wanalolinda katikati ya London, ambako wanawapokea wenzao saa tano kamili. Jumapili yote hayo hutangulia kwa saa moja. Mtalii huiona nusu saa hiyo. Haoni saa nyingi za usiku zilizotumika kung'arisha chuma na kusugua nta ya nyuki kwenye buti ndefu, safu juu ya safu, mpaka ngozi iwe kama kioo. Wala usidhani ni urembo mtupu: kabla ya kutoka, kila askari hukaguliwa, na aliyependeza zaidi hupewa zamu ya kukaa juu ya farasi langoni, saa moja moja, huku aliyezembea akisimama kwa miguu hadi usiku. Ukaguzi mwingine hufanyika saa kumi alasiri. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria aliwakuta walinzi wakinywa na kucheza kamari mwaka 1894, akaamuru wakaguliwe saa hiyo kila siku kwa miaka mia moja. Adhabu ilikwisha mwaka 1994, lakini ukaguzi umeendelea hadi leo kama mila.

Miezi ya baridi ni ya kujifunza. Wapya hufundishwa kupanda huko Windsor, kwanza kwa mavazi mepesi, kisha hurudi London kujifunza kukaa juu ya tandiko wakiwa na upanga, dirii na buti zisizokunjika. Majira ya kuchipua kikosi chote hukaguliwa na Meja Jenerali ndani ya Hyde Park, na hapo ndipo huamuliwa kama kinafaa kwa sherehe za mwaka. Mimi ukaguzi huo naupenda kuliko gwaride kubwa, kwa sababu watazamaji ni wachache na unaweza kusikia kwato. Ndipo pia utakapowaona vizuri mafundi wa kwato wakiwa na mashoka yao. Zamani shoka lilikuwa la kumpumzisha farasi aliyejeruhiwa vitani, na la kukata ukwato wenye namba ili kuthibitisha kwamba kweli alikufa na hakuuzwa kwa siri. Mama alipolisikia hilo alisema jeshi lile linawajua watu wake.

Kisha ikaja tarehe 24 Aprili. Nilikuwa nimelala, nilipoamka simu ilijaa picha za farasi wawili, mmoja mweusi na mmoja wa kijivu aliyelowa damu kifuani, wakikimbia katikati ya magari bila wapandaji. Kifusi kilikuwa kimeangushwa kwenye jengo linalojengwa mtaa wa Belgravia wakati wa matembezi yale yale ya asubuhi, farasi wakashtuka, wakaangusha askari na kutimka, na wawili wakakamatwa mbali, karibu na Limehouse, mashariki mwa London. Askari na farasi kadhaa waliumia. Wengi walishangaa kwamba farasi wa jeshi anaweza kuogopa. Mama hakushangaa hata kidogo: "Ng'ombe wangu wangevunja boma."

Juni ndiyo kilele, nayo haikutaka kupumzika. Kabla ya gwaride la kuadhimisha kuzaliwa kwa Mfalme kuna mazoezi ya alfajiri na magwaride mawili ya ukaguzi, na siku yenyewe, tarehe 15, mvua iliwanyeshea wote bila kubagua vyeo. Watatu kati ya farasi waliotimka Aprili walikuwa wamerudi kwenye safu. Farasi wa ngoma ndiye aliyeniacha mdomo wazi: dume kubwa la miguu yenye manyoya, limebeba ngoma mbili za fedha, na mpigaji, kwa kuwa mikono yake ina kazi, hulielekeza kwa hatamu zilizofungwa miguuni mwake. Siku kumi baadaye walimsindikiza Mfalme wa Japani, na tarehe 17 Julai wakatoka tena kwa ufunguzi wa Bunge.

Tarehe 20 Julai inahitaji utulivu. Siku hiyo mwaka 1982 bomu la IRA, kundi la wapiganaji waliotaka kuiondoa Uingereza Ireland ya Kaskazini, liliwalipukia walinzi wakielekea lindoni ndani ya Hyde Park. Askari wanne na farasi saba walikufa. Farasi aitwaye Sefton alipata majeraha 34, akapona, akarudi kazini. Mpaka leo kila asubuhi walinzi wakipita kwenye jiwe la kumbukumbu hutoa heshima kwa panga zilizochomolewa, hata pasipo na mtu wa kuwatazama.

Kwa kawaida baada ya sherehe za kiangazi kikosi huenda kambini Norfolk, na huko, kwenye ufuo wa Holkham, farasi huingizwa baharini bila tandiko, askari wakiwashikilia kwa shingo. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu. Yeye na wazee wenzake wa Kondoa walisimulia jinsi wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya jenerali wao Van Deventer, walivyoingia mji wetu Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katikati ya masika, wakiwa wamewaacha farasi kwa mamia njiani, wamekufa kwa maradhi na uchovu. Mbung'o aliwamaliza wengine wengi katika vita ile. Mimi nimekulia mahali ambapo farasi walikuja na kufa, ndiyo maana nilifika London bila kuwahi kumwona hata mmoja.

Vuli ilipita haraka. Desemba wakamsindikiza Amiri wa Qatar, kisha pilikapilika zikatulia, ingawa lindo halina likizo. Asubuhi moja yenye umande nilipita langoni mwa kambi nikamwona kijana wa ovaroli akisukuma toroli lililojaa hadi pomoni, mvuke ukipanda. Nilimwomba ruhusa, akacheka, nikampiga picha. Katika picha zote nilizotuma mwaka ule, hiyo ndiyo pekee ambayo mama aliomba ichapishwe.