Kitulo mwezi wa pili, nani anakuja?

Jamani mwaka huu lazima tupande Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya maua kule Nyanda za Juu Kusini, na tuende mwezi wa pili maana maua yanaanza mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili, ukisubiri kiangazi unakuta nyasi tu. Plani ni hivi: tunashuka Chimala, tunatafuta gari inayopanda milima kweli kweli, maana ile barabara ya Hamsini na Saba inaitwa hivyo kwa idadi ya kona zake na mvua ikinyesha ni tope tupu, tunalala Matamba, asubuhi tunaingia hifadhini na mwongozaji.

Kule juu ni kama mita 2,600 kwa hiyo jaketi, buti na koti la mvua, msiniambie Tanzania haina baridi. Kuna okidi aina zaidi ya 40, zingine ndogo mno inabidi uchuchumae kabisa ndo uone madoa kwenye petali.

Ila tafadhali usichume wala kuchimba! Viazi vya okidi vinachimbwa vinauzwa mpaka Zambia kupikia chakula kinachoitwa chikanda, na ukishang'oa kiazi basi mmea umeisha. Inaniuma sana hii.

Anayekuja aniandikie mapema tugawane gharama za gari.