Kitinda mimba yuko Kigali

Marangu, 27 Desemba

Likizo yangu huwa inaanza Rusumo. Upande wa Rwanda basi linakwenda kulia, ukishavuka daraja la Kagera linahamia kushoto, na saa inasogezwa mbele saa nzima. Zamani nilikuwa nachungulia dirishani. Siku hizi nasinzia hadi Kahama. Nateremka Singida, nadandia basi la Arusha linalopita Katesh na Babati, halafu Moshi, halafu Marangu Mtoni, ambako bodaboda wa Desemba wanajua kabisa kwamba mwenye begi kubwa habishani sana bei.

Watu wakisikia mwalimu yuko nje wanawaza ndege na dola. Mimi nafundisha Kiswahili, kazi iliyopata soko baada ya Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017, na nalipwa faranga, ambazo hapa kijijini hakuna anayezitaka hata za kumbukumbu.

Desemba ya Uchagani mnaijua. Nyumba zilizofungwa makufuli tangu Januari zinawaka taa, na barabara ya kijiji, katikati ya migomba, ina foleni. Siku ya Krismasi ibada ilikwisha kwa mnada kama kawaida: mayai, miwa, jogoo, mkungu wa ndizi. Waliotoka Dar walishindana mpaka mkungu ukafika bei ambayo aliyeutoa hajawahi kuiona sokoni. Nyumbani mbuzi alichinjwa alfajiri, supu ikanywewa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka kwenye kata moja ya wazee. Shangazi alinishika mkono na kuniuliza lile ambalo wote huniuliza wakishashiba: "Sasa wewe unarudi lini?"

Kaka yangu hawamuulizi. Ana nyumba Dar, ana gari, anakuja na mchele na mafuta ya kupikia, anaondoka na baraka. Mimi ni kitinda mimba, na kwa mila yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la familia linaloizunguka. Mkubwa hupewa sehemu yake, wa katikati wakajitafutie. Nadhani mila hiyo ilitungwa wakati kitinda mimba hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Leo wa kujitafutia nimekuwa mimi, na kihamba kinamngoja mtu ambaye ana vipindi vya darasani Kigali Jumatatu hadi Ijumaa.

Tena kurudi sina hamu nako. Kazi yangu naipenda, wanafunzi wangu nawapenda, na jioni za Kigali nimezizoea. Nikija Machi, Marangu hii ya foleni haipo. Wapo wazee, watoto wa shule na matope. Sisi wa Desemba tunapasifia nyumbani kwa wiki mbili, kisha tunamwachia Mama afunge geti.

Mama mwenyewe hajawahi kuniuliza. Jana asubuhi alichukua panga akaniambia nimfuate shambani. Tulipita kwenye mimea ya masale iliyozunguka kaburi la baba na la babu, tukashuka hadi kwenye kahawa. Chini ya migomba ile mibuni ya babu bado imesimama, mirefu, imejaa ndevu za ukungu, na matawi mengi hayana kitu. Alivunja kijiti kimoja akanionyesha punje nyeusi zilizokauka: chulebuni, ugonjwa wa kahawa. Dawa ni ghali na bomba la kupulizia limekuwa zito kwa mgongo wake. Jirani wa juu keshang'oa yake yote, amepanda parachichi.

"Kuna miche mipya ya Lyamungo," akasema. "Hiyo haishikwi na chulebuni, wala kutu ya majani."

Nikamwambia hilo dogo, nitanunua miche mia, ipandwe masika.

"Mia," akasema. Akaanza kukata majani ya ng'ombe. "Na wa kuipalilia?"

"Nitatuma hela ya kibarua kila mwezi, Mama."

"Kibarua ninaye, baba."

Akanipa mzigo wa majani niubebe, tukapanda. Njiani akaniuliza kama Kigali wanakunywa kahawa au wanauza tu kama sisi.