Siku moja ya mwalimu wa hesabu Tanga: nukta moja na mteremko

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri nimeshakunywa chai na kutoa baiskeli nje. Kutoka Makorora hadi shuleni si mbali, na mji wetu ni tambarare, kwa hiyo nafika bila kuhema.

Saa mbili na nusu, kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo. Tunatafuta mlinganyo wa mstari ulionyooka. Wengi wamekariri y = mx + c, ambapo m ni mteremko na c ni pale mstari unapokata mhimili wa y, na ukiwapa swali lolote wanaanza kuisaka c. Mimi nataka waanze na walichonacho mkononi: kama umepewa nukta, itumie.

Ubaoni naandika mteremko wanaoujua tayari, yaani badiliko la y gawanya kwa badiliko la x. Nukta tuliyopewa ni (x₁, y₁). Nyingine naiacha iwe (x, y), nukta yoyote ile ya mstari huo.

m = (y − y₁)/(x − x₁)

Zidisha pande zote kwa (x − x₁):

y − y₁ = m(x − x₁)

Hakuna kanuni mpya hapo. Ni mteremko uleule, na mwanafunzi akilielewa hili hata akisahau kwenye mtihani ataijenga upya mwenyewe.

Saa tatu na robo tunatoka nje. Mlinzi kawasha pampu, tangi la lita 1,000 linajaa, na ubavuni lina mpira mwangavu unaoonyesha kiwango cha maji. Dakika ya 5 wanasoma lita 400. Dakika ya 9, lita 520. Mteremko ni 120 gawanya kwa 4, yaani lita 30 kwa dakika. Tunaiita x dakika tangu pampu iwashwe, na y lita zilizomo. Kundi moja linatumia nukta ya kwanza: y − 400 = 30(x − 5). Jingine linatumia ya pili: y − 520 = 30(x − 9). Wanabishana nani kapatia, mpaka wafungue mabano. Wote wanapata y = 30x + 250.

“Mwalimu, hizo 250 zimetoka wapi?” anauliza binti mmoja. Kabla sijajibu, mwenzake anadakia kwamba ni maji yaliyokuwemo kabla pampu haijawashwa. Hakuna aliyeyapima, ila mlinganyo umeyataja. Wakapiga na hesabu ya tangi kujaa: dakika ya 25. Baada ya hapo maji yanamwagika na mstari wetu hautumiki tena.

Mchana ni kusahihisha tu, na wali na samaki wa kukaanga katikati. Kosa kubwa ni alama. Nukta ikiwa (−3, 4) na mteremko 2, karibu nusu ya darasa wameandika y − 4 = 2(x − 3). Nawaandikia pembeni: weka mabano kwanza, x − (−3), ndipo upate x + 3.

Saa kumi na nusu, tuisheni barazani. Kijana wa kidato cha nne ana nukta (4, 1) na (4, 7), kakwama. Namwambia atafute mteremko. Anapata 6 gawanya kwa sifuri, anaweka kalamu chini. Sawasawa kabisa: mstari wima hauna mteremko, kwa hiyo njia yetu haiufikii. Namuuliza nukta zote mbili zinafanana nini. Anaangalia, anaandika x = 4, anapiga mstari chini na kufungua swali linalofuata.