Gari la Mjomba limekohoa

Jumapili, saa nne usiku. Nimenawa kwa sabuni ya kipande, nikasugua ndimu, na bado mikono inanuka petroli. Nyusi ya kushoto imepungua, hiyo nitaieleza. Ila kabla sijalala niandike hili: leo saa kumi na robo jioni, huko Likoni, Datsun 240Z ya mjomba wangu imewaka. Mara ya mwisho ilikuwa 1998.

Mjomba alilinunua gari hilo mikononi mwa mtu, jekundu, akalipaka boneti rangi nyeusi mwenyewe kwa brashi. Sababu ilikuwa Safari Rally. Datsun 240Z zilizokuja kushindana zilikuwa na mavazi hayo, nyekundu na boneti nyeusi. Moja ikashinda 1971 chini ya Edgar Herrmann, nyingine 1973 chini ya Shekhar Mehta. Pasaka za ujana wake Mjomba alikuwa akidandia lori hadi Voi kusubiri magari yapite, anameza vumbi siku nzima kwa ajili ya kitu cha sekunde nne. Hadithi ya 1973 ameisimulia mpaka watoto wa nyumba wanaijua: Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza na alama sawasawa za adhabu, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. "Sawasawa!" Mjomba husema, akigonganisha vidole viwili vya shahada. Haijawahi kumchosha.

1998 akapata kazi Muscat. Akalipandisha gari juu ya matofali ndani ya banda la mabati, akalifunika turubai, akasema mwaka mmoja tu. Alirudi 2011. Tangu hapo, kila nikimwuliza, jibu moja: "Kesho, mjomba." Na hakuwa akiingia bandani. Hata ufunguo nilipewa na mkewe, yeye akajifanya hakuona.

Watu hudhani gari likisimama halichakai. Waje Pwani. Hewa ya chumvi haina likizo, na kila kitu chenye majimaji ndani ya gari kina namna yake ya kuharibika kikiachwa. Petroli inaganda. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa na kuzifanyia kutu silinda za magurudumu kutoka ndani. Mipira inakauka. Nilipofungua boksi la kichujio cha hewa nikakuta kiota cha panya, kimetandikwa sufi ya kiti na vipande vya gazeti, safi kuliko chumba changu.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza nilikwenda na betri mpya, nikafunga waya, nikapiga stata. Bila kupima oili, bila kuchomoa plagi, bila chochote. Nilikuwa nimetazama video nyingi mno za watu wanaofufua gari la miaka thelathini kwa dakika kumi. (Hawaonyeshi injini hiyo inalia vipi wiki inayofuata.) Stata ikasema tak! Basi. Nikapiga tena. Tak!

Fundi niliyemwita, mzee wa makamo anayevaa kofia ya kiua hata akiwa chini ya gari, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Shukuru haikuzunguka. Ingezunguka kwa nguvu, ungevunja ringi za pistoni, uje kunililia mimi." Pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu silindani. Injini hiyo ni L24, silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na ilikuwa imekuwa pande moja la chuma.

Tukatoa plagi zote sita. Kila tundu tukamimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, kikombe cha kahawa kimoja kimoja, tukafunika kwa vitambaa. Wiki mbili. Mimi nilikuwa nikivuka feri kila Jumamosi na Jumatano kwenda kuangalia, nimwage tena pale palipopungua. Kuangalia nini, sijui. Jumamosi ya tatu fundi akaweka spana ya 27 kwenye nati ya mbele ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, akasukuma polepole kwa uzito wa mwili, bila kuvuta kwa ghadhabu. Kitu kikalia ndani, krrr, kama mlango wa kabati. Ikasogea upana wa kidole. Akarudisha. Akasukuma tena, vidole viwili. Akarudisha. Saa nzima ilipita hivyo kabla krenki haijamaliza mzunguko wake wa kwanza, na nilipotaka kushangilia akaninyooshea spana: "Bado oili."

Tangi lilikuwa kisa kingine. Kilichotoka kilikuwa cheusi, harufu ya vanishi iliyochacha. Tulilishusha, tukatia kokoto na siki, tukawa tunalitikisa watu wawili kama wapiga kayamba, tunaliacha, tunarudia. Lita kumi na mbili za siki. Mke wa mjomba akauliza kama tunafanya achari ya chuma.

Kabureta, vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, ndizo zilizonipa raha. Ziko mbili, za Hitachi, za mtindo wa SU, na nilizichukua nikazifanyie kazi nyumbani kwangu Tudor. Nikazitia ndani ya kikapu nikapanda feri. Harufu ilinitangulia, mama mmoja mwenye ndoo ya mahamri akahama upande niliokuwa bila kusema neno, na kijana wa nyuma akauliza kama nauza. Mezani nilikuta vyumba vya boya vimejaa utando wa kahawia mzito kama asali ya nyuki wadogo. Gari hili la Datsun liliuzwa zaidi Marekani, ndiko ninakoagiza seti za gasketi na sindano, na ushuru wake nisiuandike hapa, huenda mke wangu akasoma.

Ndani ya kabureta ya aina hii kuna kipistoni kinachopanda na kushuka chenyewe kwa mvuto wa hewa. Vyote viwili vilikuwa vimeganda. Nilivisugua kwa kitambaa laini na petroli, msasa marufuku, kwa sababu nafasi kati yake na ukuta ni nyembamba kuliko unywele. Kipimo ni rahisi: unakiinua kwa kidole, unakiachia, kinatakiwa kianguke chenyewe na kutoa mlio mdogo. Cha kwanza kilianguka usiku wa saa sita. Tok. Nikakiinua tena. Nadhani nilifanya hivyo mara ishirini.

Turudi leo. Oili mpya, kichujio kipya. Plagi zikiwa nje tukapiga stata vipande vifupi vifupi mpaka sindano ya oili ikanyanyuka kwenye geji. Tangi bado halijarudi mahali pake, kwa hiyo tukatundika chupa ya petroli juu kwenye boneti iliyofunguliwa, mpira ukashuka hadi kwenye kabureta, kama dripu ya wadi. Nikafunga waya za plagi kwa mpango wa silinda zinavyofuatana kuwaka, 1-5-3-6-2-4, ninaujua kama namba ya simu. Nikaufunga kwa kufuata mwendo wa saa. Distributa ya L24, kile kinachogawia plagi moto kwa zamu, huzunguka kinyume cha saa.

Kwa hiyo waya wa kwanza na wa sita ilikuwa sahihi, nyingine nne zote ovyo. Fundi akapiga stata, mimi nimeinama kutazama kabureta kwa mapenzi, na injini ikapiga chafya ya moto usoni kwangu. Ndiyo hiyo nyusi. Fundi aliiondoa chupa kwanza, ndipo akaniuliza kama naona.

Tukabadilisha waya. Mara ya pili haikushika. Mara ya tatu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe wa ile dizeli ukajaa banda zima, ikazima. Mara ya nne ikashika. Ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayekimbia na viatu visivyo vyake, lakini ilikuwa inawaka, na sisi wawili tumesimama na machozi ya moshi tunachekeana kama wajinga.

Moshi ulipopungua nikamwona Mjomba mlangoni, kikoi na fulana, tasbihi mkononi. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakuitikia. Akaingia, akaokota chini kipande cha mpira wa kumwagilia maji, akakifuta kwenye kikoi. Ncha moja akaiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele. Akasikiliza. Akahamia ya nyuma. Akarudi ya mbele. Akarudi ya nyuma, akafumba macho.

"Hii inavuta hewa pembeni. Gasketi umeifunga ikiwa imejikunja."

Tukazima, nikafungua. Kona ya chini, upande wa ndani, gasketi ilikuwa imejikunja kiasi cha ukucha. Niliinyoosha, nikafunga upya, na safari hii injini ikatulia sauti moja. Mjomba akatikisa kichwa kidogo, akauliza, "Na breki?"

"Bado, Mjomba. Zimeganda zote nne."

"Klachi?"

"Nayo imeganda."

"Basi mmewasha redio," akasema, akageuka kurudi ndani. Mlangoni akasimama. "Marahaba," akaitikia, dakika ishirini baadaye. Halafu akaniambia Jumamosi nifike kabla ya saa mbili asubuhi, jua halijawa kali, na nije na msasa.