Bahasha ya dawa inayosomeka
Juzi huku Likoni tulimtembelea bibi mmoja wa presha, tukamwomba atuonyeshe anavyomeza dawa zake. Akazimwaga bahasha zote mkekani. Zimeandikwa 1x2, 1x1, kwa kalamu iliyofifia. Yeye anafuata rangi: "Hii nyeupe nameza nikishaswali alfajiri, mwanangu. Ile ya manjano nikiumwa na kichwa." Kumbe ya manjano ndiyo ya presha, ya kila siku! Na presha mara nyingi haina dalili. Kichwa huenda kisiume kabisa.

Hapo ndipo ninapoupenda ubunifu unaoanza kwa mgonjwa. Doug Dietz, mbunifu wa mashine za hospitali wa kampuni ya GE, alimwona mtoto akilia kwa kuiogopa mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili. Chumba kikapambwa kama merikebu ya maharamia, kipimo kikawa safari.

Sisi tumeanza na bahasha: tumechora jua na mwezi, chini tukaandika alfajiri na isha. Bibi alizipanga mwenyewe bila kuuliza. Mfamasia analalamika kwamba kuchora kunamchelewesha foleni ikiwa ndefu, na ana haki kabisa. Kwa hiyo tunataka mihuri ya kugonga. Anayemjua fundi mzuri wa mihuri pande za Mwembe Tayari anielekeze, tafadhali.